Mdogo wangu wa Arusha, kabla hujanunua hiyo krimu

Juzi binti mmoja wa chuo, Arusha, aliniandikia. Anataka nimwelekeze krimu ya kung'arisha ngozi na matone ya kuongeza hipsi, kwa sababu kila akiingia TikTok anajiona hafai. Roho iliniuma.

Mimi ni mweusi tii, tena mwembamba. Kwetu Tanga halikuwa neno, mpaka sendofu yangu. Mpiga video alirusha kipande kwenye grupu la familia: ngozi imelainishwa, uso umegeuka maji ya kunde, pua imechongwa, hata kovu la tetekuwanga juu ya nyusi limefutwa. Mashangazi wakamwaga makopa. "Leo ndiyo umependeza!" Leo? Mama peke yake aliuliza, "Huyu nani?" Nikampigia mpiga video anirudishie sura yangu, akasema wateja wote wanapenda hivyo. Nilikomaa naye mpaka akaitengeneza upya, na ninajivunia. Ila hiyo "leo" ya mashangazi haijanitoka moyoni.

Kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Wengi wa hao unaowatazama usiku wa manane wamepita kwenye filta. Filta ya TikTok iitwayo Bold Glamour ilipotoka 2023, watu walishangaa kuona mtu anapitisha mkono usoni na filta haikatiki. Halafu ukikodolea macho video moja ya kiuno, simu inakuletea nyingine na nyingine. Na wenye mitandao wanajua! Nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, zilizovuja 2021 zilionyesha asilimia 32 ya wasichana walisema wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia.

Zikatae hizo video: bonyeza na ushikilie, chagua kwamba hazikuvutii. Kwenye mipangilio ya TikTok unaweza pia kuanza upya mapendekezo yote. Simu isilale kitandani. Narudia, isilale kitandani.

Na mkorogo uache kabisa. Unaweza kuwa na zebaki, inayoharibu figo, au haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo ukiipaka muda mrefu inaweza kukuachia mabaka meusi usoni. Hayo matone ya hipsi, muulize muuzaji ndani kuna nini, uone kama atakujibu. Kama umeshaanza kupaka, usione haya. Moshi si mbali, na hospitali ya KCMC kuna mabingwa wa ngozi. Nenda na kopo lenyewe, wasome kilichoandikwa.