Nikipanda daraja, kodi itaumeza mshahara wangu?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Mshahara wangu ni 980,000 na mwaka huu natarajia kupanda daraja nifike 1,090,000. Wenzangu ofisini wananionya kwamba ukivuka milioni unakatwa asilimia 30 ya mshahara wote, kwa hiyo nitarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko sasa. Mume wangu ni mfanyabiashara, naye anasema hiyo ndiyo dhuluma ya kodi ya ngazi: kila mtu angetozwa asilimia ileile, yaishe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wenzako wamekosea, na kosa hilo nakutana nalo karibu kila mwezi. Limewatia watu wengi hofu bure. Asilimia 30 haigusi mshahara wote. Inagusa kile kipande kilichozidi milioni peke yake.

Tufanye hesabu. Kwanza unaondolewa mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, na Payee, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, inapigwa kwenye kinachobaki. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyowekwa Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni ni asilimia 25, na juu ya milioni ni 30.

Leo, ukishatoa PSSSF, unabaki na 931,000. Payee yake ni 110,750, kwa hiyo unapata 820,250. Ukipanda daraja utabaki na 1,035,500. Zilizovuka milioni ni 35,500 tu, na asilimia 30 yake ni 10,650. Jumlisha 128,000, kodi ya ngazi zote za chini hadi milioni, Payee inakuwa 138,650. Mkononi 896,850. Umeongezeka 76,600, kabla ya bima ya afya na mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi kama unao. Kama maneno ya wenzako yangekuwa kweli, ungekatwa 310,650.

Sasa hoja ya shemeji. Hiyo siipuuzi, kwa sababu ni mgogoro wa kweli wa kisiasa na ni wa zamani. Wanaotaka asilimia ileile kwa wote wanasema: anayepata mara kumi tayari analipa mara kumi, ukimwongezea asilimia juu yake unamwadhibu kwa kufanya kazi, na sheria ikiwa na ngazi nyingi wenye wahasibu wazuri hupata pa kujifichia. Estonia walifuata njia hiyo mwaka 1994 kwa asilimia 26, na Urusi mwaka 2001 kwa asilimia 13. Miaka 20 baadaye Urusi ikaongeza ngazi ya asilimia 15 kwa wenye kipato kikubwa. Upande wa pili unasema shilingi hazina uzito mmoja. Elfu kumi ya mlinzi ni unga wa wiki. Elfu kumi ya mkurugenzi haibadilishi chochote mezani kwake.

Mimi nasimama na upande wa pili, na sababu naiona dukani zaidi ya kwenye Payee. Chukua sabuni ya kufulia ya shilingi 2,360. Ndani yake mna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, yaani 360. Mlinzi wa shule yenu anayepata 260,000 halipi Payee hata senti, lakini 360 hiyo anailipa sawasawa na mkurugenzi. Hapo ile asilimia ya kufanana kwa wote anayoitaka shemeji ipo tayari, na inambana zaidi yule ambaye mshahara wake wote unaishia dukani. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 iliwasha ugomvi huohuo. Serikali ilisema kila mtu achangie kidogo kujenga nchi. Wananchi wakauliza mbona pesa iliyokwisha kukatwa kodi inakatwa tena ikitumwa kwa mama kijijini. Kabla mwaka haujaisha tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30.

Lakini kuna mahali shemeji ana haki ya kulalamika, na wewe zaidi yake. Ngazi zetu zinaishia milioni. Mkurugenzi wa milioni 20, hata tukiacha michango ya pensheni, shilingi yake ya mwisho inatozwa asilimia 30, sawa kabisa na shilingi yako ya mwisho baada ya kupanda daraja. Kutoka hapo kwenda juu Tanzania tayari ina kiwango kimoja. Kenya mwaka 2023 waliongeza ngazi mbili, asilimia 32.5 kwa kinachozidi shilingi zao 500,000 kwa mwezi na 35 kwa kinachozidi 800,000. Waliopinga walisema wenye vipato hivyo watahamisha fedha au watajilipa kwa njia nyingine, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kumweka mwalimu na mkurugenzi wa benki kwenye ngazi moja ya mwisho ni jambo ninaloona halifai. Tena mstari huo wa milioni uliwekwa 2020, ukitoka 720,000. Bei zikipanda na mishahara ikafuata huku mstari umesimama palepale, walimu wengi wataingia ngazi ya juu bila kuwa matajiri.

Kwa hiyo usikatae daraja. Salari slipi ya kwanza ikitoka, angalia mstari wa Payee. Kama mshahara ni 1,090,000 kamili bila posho yoyote inayotozwa kodi na umekuta zaidi ya 138,650, ipeleke kwa afisa utumishi pamoja na hesabu hii, umwombe akuonyeshe ngazi kwa ngazi.