Zebaki au Utaridi? Majina ya sayari na maneno mengine ya anga

SWALI: Mwalimu, salaam. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Masaka. Muhula huu mimi na mwenzangu wa fizikia tumeanzisha klabu ya wanafunzi wanaopenda mambo ya nyota, na tumekwama kwenye maneno. Kitabu kimoja kinaiita sayari iliyo karibu zaidi na Jua Zebaki, kingine kinaiita Utaridi. Zohali kwenye kitabu kimoja ni sayari yenye pete, kwenye kingine ni Uranus. Wanafunzi wanaandika “nchi inazunguka jua” na sijui kama niwakate alama. Wanauliza pia kama mwaka wa nuru ni wakati, na kama “Mlipuko Mkubwa” ni jina linalofaa. La mwisho: tulibandika tangazo la “Klabu ya Unajimu”, mzazi mmoja wa Kiislamu akaja kutuuliza kama tunawafundisha watoto kupiga ramli. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na Zebaki, maana hilo ndilo kosa lililozaa makosa mengine.

Zebaki ni metali. Ni ile nzito inayong'aa kama fedha na kutiririka kama maji, iliyokuwa ikitiwa kwenye vipimajoto vya zamani. Kule Busia wachimbaji wadogo wa dhahabu huichanganya na mchanga ili inase chembe za dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake ni sumu. Mtoto wa Busia akiambiwa kwamba Zebaki inazunguka Jua, ana haki ya kushangaa. Neno tumelitoa Kiarabu, na huko nako ni jina la metali, halijawahi kuwa jina la sayari. Limefika angani kwa njia ya tafsiri: Kiingereza kinatumia jina moja, Mercury, kwa metali na kwa sayari, basi aliyekuwa akitafsiri akashika maana ya metali na kuihamishia kwenye sayari.

Na sayari hiyo haikuwa inangoja jina. Kiswahili kilikuwa nalo zamani: Utaridi. Lilikuja kutoka Kiarabu pamoja na Zuhura (Venus), Mirihi (Mars), Mshtarii (Jupiter) na Zohali (Saturn). Ukihesabu hapo utapata matano, na idadi hiyo ina sababu yake: sayari zinazoonekana vizuri kwa macho matupu, ukiacha hii tunayoikanyaga, ni tano. Watu waliozikesha usiku hadi usiku walizipa majina yote matano, na majina hayo yakakaa katika lugha yetu. Zuhura tunawaita hata binti zetu. Mshtarii kwa asili ni “mnunuzi”, ni ndugu wa neno mshitiri ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa mteja dukani.

Tatizo lilianza darubini zilipoongeza sayari ambazo wazee hawakuziona. Mwaka 1781 William Herschel, akiwa Uingereza, aliitambua Uranus. Neptune ikapatikana 1846, Pluto 1930. Hizi hazikuwa na majina ya kale ya Kiarabu, na hakuna ajuaye jina la kitu ambacho hajakiona. Waliotunga orodha ya Kiswahili iliyoenea mashuleni wakajaza mapengo kwa kuvuta majina kutoka huku na huko. Utaridi, jina la sayari ya kwanza kutoka Jua, likapelekwa kwa Pluto, iliyokuwa ikihesabiwa ya mwisho. Utaridi halisi iko wastani wa kilomita milioni 58 kutoka Jua, Pluto kilomita bilioni 5.9, kwa hiyo jina lilisafirishwa mbali mno. Zohali, jina la ile yenye pete, likasogezwa kwa Uranus. Yenye pete ikabaki bila jina ikapewa Sarateni, nadhani kwa kuwa masikioni linafanana na Saturn. Lakini Sarateni ni Kaa, moja ya buruji 12, yaani makundi ya nyota. Neptune nayo ikapewa Kausi, ambayo ni buruji ya Mshale.

Kwa hiyo vitabu vyako viwili havigombani kwa sababu ya lahaja, wala si suala la Kenya na Tanzania. Kimoja kimeshika majina ya asili, kingine kimeshika orodha iliyovurugika. Ushauri wangu ni huu: kutoka Jua kwenda nje semeni Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Mbili zilizobaki ziacheni na majina yake ya kimataifa, Uranus na Neptune, au mziandike Urani na Neptuni ikiwa ulimi wa wanafunzi unataka irabu mwishoni. Pluto tangu 2006 imewekwa katika kundi la sayari kibete. Na mwanafunzi aliyeandika Zebaki kwa sababu kitabu chake kinasema hivyo asikatwe alama. Aelezwe neno limetoka wapi. Maelezo hayo yatamkaa kuliko alama nyekundu.

Neno sayari lenyewe linafaa kufunguliwa mbele ya klabu. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda. Zamani ziliitwa nyota ziendazo, kwa kuwa nyota nyingine zote hukaa mahali pamoja zikitazamana, lakini hizi chache huhama kati yao. Hilo halihitaji pesa. Mshtarii ikiwa inaonekana jioni, kila mwanafunzi achore kwenye daftari nyota tatu au nne zilizo karibu nayo, kisha arudie mchoro baada ya wiki tatu. Ataona kwa mkono wake mwenyewe kwamba nyota zimebaki na Mshtarii imesogea. Mkipata darubini ya macho mawili, ile ya watazama ndege, iegemezeni kwenye nguzo isitikisike: pembeni mwa Mshtarii mtaona nukta ndogo zimejipanga kwenye mstari. Ni miezi yake mikubwa, ambayo Galileo aliiona 1610 ikiwa minne. Hapo tahadhari ya lugha: “miezi minne ya Mshtarii” mtu anaweza kuielewa kama muda, theluthi ya mwaka, basi mara ya kwanza andikeni “miezi minne inayoizunguka Mshtarii”, na shaka itaondoka.

Sasa “nchi inazunguka jua”. Usimkate alama kabla hujajua lilikotoka. Katika Luganda ensi ni nchi, ni ardhi, na ni dunia nzima, yote kwa neno moja. Mtoto amechukua neno la nyumbani akalivalisha Kiswahili, na hata hajaenda mbali, maana ensi na nchi ni ndugu wa damu. Kiswahili chenyewe zamani kilikuwa hivyo. Biblia ya Kiswahili inaanza, “Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi”, na hapo hakuna anayefikiria mipaka wala bendera. Lakini Kiswahili cha leo kimeifunga nchi ndani ya mipaka. Ukisema nchi inazunguka Jua, msikilizaji anauliza ni nchi gani, Uganda au Rwanda? Sayari yetu ni Dunia, kwa herufi kubwa. Vyote kwa jumla, Dunia na Jua na nyota na zilizo nyuma yake, ni ulimwengu. Najua katika mazungumzo tunavichanganya, tunasema “ulimwengu una mambo” tukiwa na maana ya maisha ya watu, na hakuna ubaya. Kwenye klabu yenu, hata hivyo, vitengeni, la sivyo sentensi kama “ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8” na “Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5” zitaonekana zinapingana.

Kitenzi nacho kiangaliwe. Dunia huzunguka Jua kwa siku 365 na robo, na hujizungusha kwenye mhimili wake kwa siku moja. Wanafunzi wakiandika “Dunia inazunguka” bila kusema inazunguka nini, huwezi kujua kama wanazungumzia mwaka au siku.

Upatanisho nitaupitia haraka. Huku kwetu wengi husema “jua inawaka”, na sababu ni ile ile ya nyumbani: Luganda husema enjuba eyaka. Katika Kiswahili sanifu jua linawaka, mwezi unawaka (hapa Luganda inawasaidia, omwezi gwaka), nyota inang'aa, nyota zinang'aa, kimondo kimeanguka, vimondo vimeanguka. Majina ya sayari yote yafuate neno sayari: Mirihi inaonekana nyekundu, Mshtarii ina miezi mingi. Hiyo m ya mwanzo wa Mshtarii na Mirihi isiwadanganye.

Mwaka wa nuru ni umbali. Wanafunzi hukosea kwa sababu neno mwaka liko mbele, lakini waulize Kampala ni mbali kiasi gani kutoka Masaka. Wengi hawatataja kilomita. Watasema ni saa mbili na nusu kwa taksi, barabara ikiwa nzuri. Tumezoea kupima njia kwa muda wa anayeipita, na mwaka wa nuru ni hesabu hiyo hiyo, ila msafiri ni nuru badala ya taksi, na mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwaka mmoja inakwenda kilomita trilioni 9.46 hivi. Kwa hiyo tusiseme “nyota ile iliishi miaka ya nuru 4 iliyopita”. Tuseme “Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2”. Wakati umejificha ndani ya umbali huo, na hapo ndipo mimi mwenyewe husimama kila mara ninapotazama Jua likizama Ziwa Victoria: nuru ile imetumia dakika 8 na sekunde 20 njiani, basi ninaloliona ni Jua la dakika 8 zilizopita. Galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ya Andromeda, ambayo usiku wenye giza totoro huonekana kama kiwingu hafifu upande wa kaskazini, iko miaka ya nuru milioni 2.5. Nuru inayoingia machoni mwa mwanafunzi wako iliondoka huko kabla hajawako binadamu wa namna yetu hapa duniani.

Kuhusu Mlipuko Mkubwa, jina limeshaenea na silikatazi, ila silipendi. Mlipuko kwetu ni bomu, ni tairi la lori, ni mtungi wa gesi: kuna mahali ulipotokea, na kuna watu waliokuwa wamesimama pembeni. Wanasayansi hawasemi hivyo. Padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliandika 1927 kwamba ulimwengu wenyewe unatanuka, na 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Ukirudisha hesabu nyuma, vyote vilikuwa vimebanana, vyenye joto kali mno, kisha vikaanza kutanuka kila mahali kwa pamoja. Neno linalobeba hayo ni kutanuka. Kama wanafunzi hawalioni, nenda kwa muuza chapati aliye nje ya geti la shule, umwombe donge moja la unga. Libandike punje tano za simsim karibu karibu juu yake, kisha asukume kwa mti wake wa chapati. Chagua punje yoyote uitazame kana kwamba umekaa juu yake: nyingine zote zinakuacha, na zilizo mbali zinakuacha haraka zaidi, wala hakuna hata moja iliyotembea juu ya unga. Ni unga uliotanuka. Baada ya hapo waandike “Mlipuko Mkubwa” wakipenda, watakuwa wanajua jina halisemi yote.

Nimebakiza tangazo lenu, na hapo mzazi ana haki. Unajimu limetokana na neno la Kiarabu la nyota, na zamani mnajimu alikuwa mtu anayezijua nyota, kwa hesabu na kwa utabiri pia. Leo Kiswahili kimeliacha upande wa utabiri: mnajimu ni yule anayekusomea nyota yako akakwambia utaoa lini. Falaki ni bora zaidi. Kwa asili falaki ni njia ya duara ambamo vitu vya angani hupita, na ingawa pwani kulikuwa na usemi wa kupiga falaki kwa maana ya kuagua, siku hizi ndilo jina la sayansi yenyewe. Andikeni “Klabu ya Falaki”. Wakiona ni neno geni, “Klabu ya Elimu ya Anga” itaeleweka na kila mtu. Na mzazi aliyekuja kuwauliza, mwambieni mmebadilisha jina kuwa Falaki. Madrasa ndiko elimu hiyo inakotumika kuhesabu nyakati za swala, kuelekea kibla na kutafuta mwezi mwandamo, kwa hiyo huenda akawa ndiye mtu wa kwanza mjini kwenu asiyehitaji kuelezwa neno hilo.