Usitie sahihi kabla mfupa haujaunga

SWALI: Habari Wakili. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda Kayole. Mwezi wa tatu nilikuwa abiria kwenye matatu iliyogonga lori lililokuwa limeegeshwa kando ya Barabara ya Jogoo. Nilivunjika mguu wa kulia chini ya goti, nikawekwa chuma. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hivyo hadi leo sishoni. Juzi mwenye matatu alinijia nyumbani na mtu aliyesema ni wa bima, wakaniwekea shilingi 60,000 mezani na karatasi ya kutia sahihi. Wanasema kesi huchukua miaka, na mwishowe mawakili ndio hula. Karo ya watoto imenikaba. Nichukue? Nikikataa, nianzie wapi?
Mama wa watatu, Kayole

JIBU: Pole sana, mama. Usiitie sahihi karatasi hiyo. Nimezisoma nyingi za aina yake, na karibu zote zina maneno haya mahali fulani: malipo kamili na ya mwisho. Maana yake ni kwamba chuma kikihitaji kutolewa mwaka ujao, au mguu ukabaki mfupi kuliko mwenzake, gharama ni yako na huna pa kurudi. Daktari mwenyewe bado hajui mguu utaishia vipi. Huyo bwana wa bima ameujuaje hadi akaupangia bei?

Najua karo haingoji. Mwenye matatu akitaka kukusaidia kwa chakula na dawa, pokea, lakini muandikiane kwamba ni msaada wa matibabu tu na kwamba madai yako yapo palepale. Akikataa kuandika hivyo, utajua alikuja kufanya nini.

Na usijihisi ombaomba. Sura ya 405 ya sheria za Kenya, ile ya bima ya magari, inamlazimu kila mwenye gari kulikatia bima kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kuumia, na abiria wa matatu umo. Mahakama ikiamua ulipwe, kampuni ya bima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari.

Anzia kituo cha polisi kilichoandikisha ajali, upande wa trafiki. Beba kitambulisho na nambari ya OB (ile ya kitabu cha matukio cha polisi), uombe abstrakti, yaani ripoti fupi ya polisi kuhusu ajali. Hakikisha imeandikwa jina lako miongoni mwa waliojeruhiwa, nambari ya gari, kampuni ya bima na nambari ya bima hiyo. Herufi moja ya nambari ya gari ikikosewa, utahangaika miezi kuirekebisha. Uliza pia kama dereva ameshtakiwa, kwa sababu akipatikana na hatia katika kesi ya trafiki, hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwako. Abstrakti peke yake inaonyesha tu kwamba ajali ilitokea. Nani alikosea ni jambo la kuthibitishwa, na hapo abiria mwenzako aliyeona mwendo wa dereva ana thamani kubwa. Mtafute sasa, kabla hajabadilisha nambari ya simu.

Halafu risiti. Hapa ndipo watu wangu huumia mara ya pili. Fidia ina mafungu mawili. La kwanza ni la uchungu na ulemavu. Hakimu hulikadiria kwa kutazama ripoti ya daktari na kesi za awali za watu walioumia kama wewe, akizingatia pia kwamba shilingi imeshuka thamani. La pili ni la pesa ulizotoa mfukoni, na hili mahakama hailikadirii hata kidogo: kila shilingi itajwe kwenye madai na iwe na karatasi yake. Nimemwona mama akifungua bahasha ya kaki mbele ya hakimu, na risiti za duka la dawa zimegeuka vipande vyeupe visivyo na hata tarakimu. Zile zinazotoka kwenye mashine hufifia, hasa zikikaa penye joto. Toa kopi za zako leo, uzipige na picha. Nauli ya teksi ya kwenda kliniki nayo, omba uandikiwe.

Kuhusu ushonaji, usikubali kuambiwa kwamba huna kipato kwa kuwa huna karatasi ya mshahara. Mahakama ya Rufani ilishasema hati si njia pekee ya kuthibitisha mapato. Daftari lako la vipimo na oda, taarifa ya M-Pesa na ushahidi wa wateja vinatosha kuanzia.

Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. (Kama gari lingekuwa la Serikali, ungekuwa na miezi 12 tu.) Wakili hutuma kwanza barua ya madai, na kampuni ya bima lazima ipewe notisi kama sheria inavyotaka. Mara nyingi mazungumzo huanzia hapo na yanaweza kuisha bila kesi kusikizwa. Wakikutuma kwa daktari wao, nenda na picha zako za eksirei, umweleze yote bila kuongeza chumvi.

Kwamba mawakili hula, wapo, na inaniuma. Usimpe faili yako broka, yule anayewatafutia mawakili wateja, aliyekufuata wodini. Jina la wakili lithibitishe kwa Chama cha Mawakili nchini kama ana leseni ya mwaka huu. Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa kumlipa ukishinda tu, basi akikuambia atachukua nusu, ondoka. Shirika la Kituo cha Sheria hapa Nairobi husaidia wasio na uwezo.

SWALI: Nilianguka kutoka jukwaa la mjengo huko Embakasi, mkono ukavunjika. Msimamizi anasema nilikuwa mzembe, tena ni kibarua tu, sina haki. Ni kweli?
Kijana wa mjengo

JIBU: Si kweli, kijana wangu. Njia yako ni Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ile watu huiita WIBA, na chini yake huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Anapaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu aijue, na kugharamia matibabu. Asiporipoti, nenda ofisi ya Mkurugenzi mwenyewe na karatasi za hospitali, majina ya uliofanya nao kazi siku hiyo, na ujumbe wowote wa simu unaoonyesha ulilipwa na nani. Madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kuisha tangu ajali. Usingoje mkono upone ndipo uende.