Maswali ya Wasomaji: Ukikaa na Rapa wa India, Muulize Nini?

Wahariri, salamu. Mimi na wenzangu tuna podikasti ya muziki, na meneja wa rapa mmoja wa Mumbai ametukubalia mahojiano ya dakika 40. Kila tunayemwuliza anatuambia tuanzie kwenye filamu ya Gully Boy. Ni ushauri mzuri?

Itazameni, ila mgeni wenu msimwanzie hapo. Filamu hiyo, ya kijana rapa wa vichochoro vya Mumbai, ilitoka Februari 2019, na tangu hapo rapa wa Mumbai wameulizwa habari zake mara nyingi mno hata majibu yamekuwa ya kukariri. Mkifungua na swali hilo mtapoteza dakika tano za kwanza, na meneja ataandika mawazoni kwamba hamkujiandaa.

Anzeni na kilichotangulia filamu. Mwaka 2014 rapa Naezy, kijana wa Kurla, mtaa wa Mumbai, alitoa "Aafat!", ngoma aliyoirekodi na kuishutia video kwa iPad. Mwaka uliofuata yeye na DIVINE, ambaye ni mtu wa mtaa mwingine wa Mumbai, Andheri upande wa mashariki, wakatoa "Mere Gully Mein", na neno gully, yaani kichochoro, likawa jina la mtindo mzima. Sikilizeni hizo mbili, kisha albamu ya DIVINE ya 2019, Kohinoor, msikie jinsi sauti ya vichochoroni ilivyobadilika ilipopata studio nzuri na bajeti. Baada ya hapo rudini kwa mgeni wenu: kazi yake ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Tofauti kati ya hizo mbili peke yake inatoa maswali matatu.

Kwa dakika 40 andaeni maswali manane, si ishirini. Chagueni mistari mitatu kutoka nyimbo zake, muandike dakika na sekunde inaposikika, na mumtumie meneja siku mbili kabla. Msanii akishaona mmeisikiliza kazi yake kwa makini kiasi hicho, huja na maelezo ambayo hajampa mwandishi mwingine. Majina nayo yaandikeni kama wenyewe wanavyoyaandika. KR$NA wa Delhi ana alama ya dola katikati, na wawili wa kundi la Seedhe Maut, pia la Delhi, ni Calm na Encore ABJ. Kosa la jina kwenye barua ya kwanza huwa ndilo la mwisho, kwa sababu hamtajibiwa.

Sijui Kihindi hata neno. Naweza kweli kuzungumza na msanii kuhusu mashairi yake, au niachie wanaoijua lugha?

Unaweza, tena lugha ndiyo mlango mzuri kuliko yote. Kwanza uondoe wazo kwamba hip hop ya India ni ya Kihindi. Arivu anaghani kwa Kitamil. Vedan wa Kerala anatumia Kimalayalam. Khasi Bloodz wanatoka Meghalaya, kaskazini-mashariki kabisa. MC Square, aliyeshinda shindano la rap la televisheni, MTV Hustle, mwaka 2022, alishinda kwa Kiharyanvi. Kundi la Swadesi la Mumbai huchanganya lugha kadhaa ndani ya kundi moja, na marehemu MC Todfod alikuwa akighani humo kwa Kigujarati. Hanumankind, mzaliwa wa Kerala aliyekulia Houston, alitikisa dunia mwaka 2024 kwa "Big Dawgs", wimbo wa Kiingereza. Kwa hiyo swali la kwanza la lugha ni hili: kwa nini hii, na si ile nyingine unayoijua? Karibu kila mmoja wao alikuwa na lugha mbili au tatu za kuchagua, na uchaguzi huo unaamua nani atamsikiliza, redio ipi itampiga na mji upi utamwita jukwaani.

Sasa tuingie ndani kidogo, kwenye Kihindi chenyewe. Katika Kihindi kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na mara nyingi nyuma yake kuna kitenzi kisaidizi kama hai, yaani "ni". Matokeo yake, anayeanza kughani hujikuta mistari yote inaishia hai, hai, hai, na anadhani amepata vina. Hajapata kitu. Fundi huhamisha kina neno moja nyuma: aaya hai, laaya hai, saaya hai, yaani amekuja, ameleta, ni kivuli. Kina kinabebwa na aaya, laaya, saaya, na hai inabaki kama kibwagizo kidogo. Mpangilio huu ni wa zamani sana kuliko rap: ndio wa ghazal, mashairi ya kale ya mapenzi ya Kiurdu, ambamo kina huitwa qafia na neno linalorudiwa baada yake huitwa radif. Rapa wa Delhi au Mumbai anaweza asiwe amesoma ghazal hata moja, lakini sikio lake limeshazoea kutoka kwenye nyimbo za filamu.

Njia nyingine ni kuuvunja mpangilio wa sentensi, kitenzi kikarushwa mbele na nomino nzito ikaangukia mwisho wa mdundo. Au msanii huchomeka neno la Kiingereza pale kina kilipokwama. Basi hata usiyejua Kihindi unaweza kusikiliza kwa kalamu mkononi na kutia alama kila mstari unapoishia: hapa hai, hapa si hai, hapa Kiingereza. Ukifika mbele yake muulize, "Mstari huu wa dakika ya pili, kwa nini hukuumalizia na kitenzi?" Hapo atainama mbele na kuanza kukuonyesha kazi yake, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Jambo moja la kuepuka: usimwombe akutafsirie wimbo mzima papo kwa papo. Atakupa tafsiri ya haraka na kavu, na wewe utaichapisha kana kwamba ndiyo maana yake. Mwombe maneno manne au matano tu ya mtaani kwake, ayaeleze yanatumikaje na nani huyatumia.

Mbona wapenzi wa Seedhe Maut hukasirika ukiwatajia Honey Singh au Badshah? Wote si rap?

Wote ni rap, na historia yao imegusana. Honey Singh, Badshah, Raftaar na Ikka walikuwa kundi moja, Mafia Mundeer, kabla ya kutawanyika. Wao ndio walioingiza rap kwenye harusi, klabu na filamu kwa mdundo wa Kipunjabi. Upande wa pili, lebo ya Azadi Records ya Delhi ilianzishwa 2017, ikatoa albamu ya Class-Sikh ya Prabh Deep mwaka huohuo na Bayaan ya Seedhe Maut mwaka 2018, zote mbili zikiwa na mikono ya prodyuza Sez on the Beat. Hawa waliuza albamu ya kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, juu ya mitaa ya Delhi ya magharibi, polisi, madawa na woga. Kinachowaudhi mashabiki ni kusikia mambo ya miaka ya karibuni yakisimuliwa kana kwamba yamezaliwa na nyimbo za klabu. Usilifanye ligi. Muulize msanii aliyekuwa akisikiliza akiwa na miaka 14, na mara nyingi atataja kutoka pande zote mbili bila kuona haya.

Tutarekodi kwa mbali. Tupeni utaratibu, maana mara ya mwisho sauti ya mgeni ilisikika kama yuko ndani ya pipa.

Sauti ya pipa hutokea mnapoitegemea rekodi ya simu yenyewe ya intaneti. Programu za kupigiana hubana sauti, na mbaya zaidi huchuja kila zinachodhani ni kelele. Kwa rapa wa India hilo ni hasara maalumu. Kihindi kinatofautisha k na kh, b na bh, kwa pumzi tu, na kina t na d zinazogongwa kwa ulimi uliokunjwa nyuma. Kichujio hudhani pumzi ile ni upepo, kikaifuta. Akighani mistari minne bila mdundo, mtapata vokali zinazoelea na konsonanti zilizoliwa.

Dawa yake ni kila mmoja ajirekodi upande wake. Simu ya kawaida inatosha. Mgeni aweke programu ya kurekodi kwenye WAV, faili lisilobana sauti, kilohezi 48, biti 24, simu aiweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isiipige moja kwa moja. Saa moja ya sauti hiyo kwa maikrofoni moja ni karibu megabaiti 500, kwa hiyo ahakikishe ana nafasi, na simu iwe imezimwa mlio na imezuiwa kupokea simu, kwani kwenye simu nyingi simu ikiingia rekodi hukatika. Mazungumzo yenu yaendelee kwenye simu nyingine au kompyuta, mgeni akiwa amevaa spika za masikioni ili sauti yenu isiingie kwenye rekodi yake.

Mwanzoni pigeni kofi moja kwa pamoja, na mwishoni tena. La kwanza linawasaidia kuziweka rekodi mbili sambamba. La mwisho watu husahau, kumbe ndilo linaloonyesha kama zimeachana, kwa sababu saa za ndani za vifaa viwili haziendi sawasawa kabisa, na baada ya saa nzima majibu yanaweza kuanza kugongana na maswali.

Mwombeni azime feni ya dari na kiyoyozi kwa muda huo. Feni huacha mvumo unaopanda na kushuka, na huo hausafishiki bila kuharibu sauti yake. Honi za magari ni shida ndogo zaidi: zikipiga, subirini, arudie sentensi.

Kuhusu muda, saa za India ziko saa tano na nusu mbele ya saa za Greenwich, nchi nzima. Ile nusu saa ndiyo inayoponza watu. Andikeni muda kwa saa za India kwenye barua, na mthibitishe asubuhi ya siku yenyewe. Miezi ya Novemba hadi Februari ni ya matamasha mengi, kwa hiyo wiki mbili za taarifa hazitoshi.

Je, ni sawa kumwuliza msanii kuhusu tabaka la kijamii na siasa?

Muulizeni kupitia kazi yake. Kumwuliza Mhindi tabaka lake uso kwa uso ni kumvunjia heshima, na huenda mkamweka pabaya. Lakini Arivu na The Casteless Collective, bendi aliyoianzisha mwongozaji filamu Pa. Ranjith, wameliweka jambo hilo kwenye jina, yaani "wasio na tabaka", na kwenye mashairi. Hapo kukaa kimya ndiko kungekuwa dharau. "Enjoy Enjaami" ya 2021, ambayo Arivu aliifanya na mwimbaji Dhee, imebeba habari ya bibi yake, Valliammal, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka na kurudi India bila ardhi. Baadaye mwaka huo jalada la jarida la Rolling Stone India likawatukuza wasanii wengine waliohusika na nyimbo zake, yeye hayupo. Ranjith alilalamika hadharani, na Arivu akaja kupewa jalada la kidijitali. Kwa hiyo msanii wa aina hii akiwauliza jina lake litakaa wapi kwenye kichwa cha habari, si majivuno. Mpeni jibu la wazi.

Kwa siasa za leo, mwambieni kabla ya kurekodi kwamba anaweza kuomba sehemu iondolewe hadi siku mtakayokubaliana. Mwaka 2023 huko Maharashtra polisi walifungua majalada dhidi ya rapa kwa nyimbo za kuikosoa serikali ya jimbo. Sentensi moja iliyokatwa vibaya na wahariri inaweza kumletea polisi mlangoni, na nyinyi hamtakuwepo.

Wanapataje pesa? Naona aibu kuuliza.

Usiulize kiasi. Uliza nani ameandikwa kuwa mtunzi, na kwa asilimia ngapi. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya India ya 2012 yalizuia mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki kuuza au kusamehe haki yao ya mrabaha. Wimbo ukitumika, mbali na filamu yenyewe kuonyeshwa ukumbini, wanagawana sawa na aliyenunua hakimiliki. Rapa anayeandika mistari yake ni mtunzi wa maneno, kwa hiyo yumo. Inapoharibika ni hapa: chama kinachokusanya, IPRS, kinamlipa mwanachama aliyesajili kazi zake, na vijana wengi hutoa ngoma na prodyuza rafiki bila karatasi yoyote. Wimbo ukivuma, kila mmoja anakumbuka mgao tofauti. Msanii aliyepitia hayo atawaeleza kwa dakika kumi bila kuulizwa tena.

Nina miadi na rapa wa kike. Kuna swali la kipekee?

Hakuna, na hiyo ndiyo heshima. "Unajisikiaje kuwa mwanamke kwenye rap" limewachosha wote. Dee MC ana jukwaa lake Mumbai kwa miaka mingi, na Sofia Ashraf mwaka 2015 alitumia wimbo mmoja kuibana Unilever juu ya zebaki iliyoachwa Kodaikanal, mji wa kusini mwa India. Muulizeni aliandikaje, alirekodi wapi, nani alikataa kuupiga.

Tukimaliza, tumwonyeshe andiko kabla ya kuchapisha?

Andiko zima, hapana. Mtumieni mistari ya mashairi mliyoinukuu, tahajia yake kwa herufi za Kirumi, tafsiri yenu, na majina ya maprodyuza. Mpeni saa 48. Tahajia ya Kihindi kwa herufi hizo haina kanuni moja, mmoja ataandika main na mwingine mai, kwa hiyo fuateni yake hata kama kamusi inasema vingine. Rekodi ghafi itunzeni sehemu mbili tofauti.