Maji ya chemchemi na bakteria sugu: niliyoyaona maabara

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama maji ya chemchemi yanayoonekana maangavu yanaweza kuwa na bakteria wasiosikia antibiotiki, na kama ndivyo, kuyachemsha kunasaidia nini. Nimepima maji maabara kwa miaka kadhaa, nakujibu kwa niliyoyashuhudia.

Kwanza chemsha bila wasiwasi. Usugu huu ni wa dawa, si wa moto. Bakteria anaweza kuwa na kimeng'enya cha kuvunja penisilini, au akawa anaitoa dawa nje ya seli yake kila inapoingia, lakini silaha hizo hazimkingi na joto. Maji yakitokota kweli kweli kwa dakika 1 anakufa kama mwenzake asiye sugu. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yaache dakika 3. Klorini nayo humuua, ila maji yenye tope yachujwe kwanza, maana tope huimaliza klorini kabla haijamfikia.

Sasa hilo la uangavu. Kuna chupa moja ya maji ya chemchemi siisahau. Ukiinyanyua kwenye mwanga huoni hata chembe, na aliyeileta alishangaa tunapima nini. Tukayachuja, tukaotesha bakteria walionaswa kwenye chujio. Kesho yake sahani imejaa makoloni ya waridi, yaani mafungu ya bakteria, na vipimo vilivyofuata vikathibitisha ni E. coli, bakteria wa utumboni. Tukawasambaza kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vijiduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa inapofanya kazi, asubuhi unakuta kila kijiduara kimezungukwa na uwazi ambamo hakijaota kitu. Siku ile kijiduara cha ampisilini hakikuwa na uwazi wowote: bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Cha tetrasaiklini vilevile. Niliishika ile sahani muda mrefu, nikiwaza watu wanaokinga maji yale kila siku.

Walifikaje huko? Kwa kinyesi. Binadamu na mifugo wakinywa antibiotiki, wale sugu ndio wanaobaki tumboni, kisha mvua inawateremsha kutoka chooni na zizini. Sehemu kubwa ya baadhi ya dawa hutoka mwilini na mkojo ikiwa bado na nguvu. Majini bakteria wa kila namna wanakutana na kupeana plasmidi, vipande vya jeni vinavyobeba usugu, hata wasipokuwa wa spishi moja. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba wameikuta jeni ya NDM-1, inayoshinda hata dawa za akiba za hospitali, kwenye madimbwi na maji ya bomba ya New Delhi.

Lakini si kila usugu ni uchafu wetu. Katika pango la Lechuguilla, Marekani, sehemu zilizojitenga na uso wa dunia kwa zaidi ya miaka milioni 4, wamekutwa bakteria wanaohimili dawa nyingi. Usugu ni wa kale kuliko vidonge. Kinachonitisha mimi ni E. coli sugu, kwa sababu yeye anatoka utumboni na anajua njia ya kurudi utumboni.

Na hapa ndipo wengi wanakosea. Unaweza kuyanywa maji hayo usiharishe hata siku moja. Bakteria anakaa tumboni kimya, pengine miezi, hadi siku anapokuletea maambukizi ya njia ya mkojo na dawa ya kawaida ikagoma. Ndiyo maana nakusihi sana usimeze antibiotiki "kwa tahadhari" baada ya kunywa maji usiyoyaamini. Utawaua bakteria wa tumboni wanaokulinda, na yule sugu utamwachia nafasi.

Ukiharisha majimaji, kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), na mtoto aongezewe zinki. Ukiona damu au homa, nenda kituo cha afya, umweleze mhudumu ni maji gani ulikunywa, na uombe kinyesi kioteshwe ili ijulikane dawa ipi inafanya kazi.

Halafu panda juu ya chemchemi hiyo, uangalie kuna choo au zizi upande wa mlimani. Ukikuta, tuandikie kiko umbali gani, tuone la kufanya.