Kamera mbili zimesema niko salama, mbona bado naumwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Tumbo linaniuma chini upande wa kulia, naharisha mara kwa mara na nimekonda. Nimepimwa kwa kamera ya mdomoni na ya njia ya haja kubwa, zote safi. Sasa naambiwa nimeze kidonge chenye kamera. Si kurudia kipimo kilekile?

JIBU: Marahaba. Hapana. Utumbo mdogo una mita kadhaa. Kamera ya mdomoni huishia duodeni, mwanzoni kabisa mwa utumbo huo. Ile nyingine humaliza utumbo mpana, kisha ikipitishwa vizuri huchungulia sentimita chache za iliamu, yaani mwisho wa utumbo mdogo. Katikati hapo hakuna aliyefika.

Ila soma kwanza ripoti yako: imeandikwa kwamba iliamu ilifikiwa? Huko chini kulia ndiko ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa utumbo wa muda mrefu unaoleta vidonda) unakopenda kukaa, na TB ya tumbo vilevile. Kama mpimaji aliishia kwenye sekamu, yaani mwanzo wa utumbo mpana, mimi ningerudia hapo kabla ya kukutoza fedha za kidonge.

Kidonge chenyewe kina urefu wa milimita 26 hivi. Hupiga picha kwa saa 8 au zaidi, kifaa ulichovaa kiunoni kinazipokea, kisha kidonge hutoka na choo. Huona hata vidonda vidogo sana. Hatari yake ni kunasa penye utumbo uliosinyaa, na hapo huenda ukahitaji upasuaji. Kwa hiyo kama tumbo hujaa na kusokota baada ya kula, au unatapika, sema mapema upigwe kwanza picha za CT au MRI ya utumbo. Na ukishakimeza, usiingie kwenye MRI, mashine ya sumaku, mpaka kitoke.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni je, unatumia? Usifiche. Nazo huchubua utumbo mdogo, na vidonda vyake huweza kufanana na vya Crohn. Daktari wako akiridhia, ziache walau mwezi mmoja kabla ya kipimo.

Kidonge huona tu, hakikati kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo cha kupimwa maabara. Kwetu huku, ambako TB ni nyingi, hilo si dogo: Crohn na TB hufanana mno kwa macho, na predinisoloni, dawa inayoshusha kinga anayopewa mgonjwa wa Crohn, yaweza kuichochea TB. Vidonda vikionekana, kinyama kikatwe kwa kamera ndefu yenye puto ndipo dawa ianze. Omba vipande vingine viwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali, visitiwe vyote kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia vinyama), kwa sababu fomalini huua vimelea na maabara haitaweza kuviotesha. GeneXpert, kipimo cha haraka cha TB, ikisema hakuna TB, bado si uthibitisho. Kwenye vinyama vya utumbo huikosa mara nyingi.