Siku tano pwani ya Bretagne: masoko, samaki na saa za maji

Dada, umeuliza kama siku tano za mwezi wa Juni zinatosha kuionja pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, na kama uzimalize zote Saint-Malo kama wakala wako wa safari alivyokushauri. Nilisoma Quimper, mji wa huko huko Bretagne, kwa miaka miwili, na mapumziko yangu mengi yaliishia masokoni na bandarini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Siku tano zinatosha, iwapo utaipanga safari kwa kufuata maji kujaa na kupwa pamoja na siku za soko, kisha ngome na makanisa ya kale uyapange katika saa zitakazobaki.

Jambo la maji nililijua baada ya kupoteza safari nzima. Mara ya kwanza nilipokwenda Cancale, mji jirani na Saint-Malo unaosifika kwa chaza, nilifika maji yamejaa, na mashamba ya chaza niliyoyafuata yalikuwa chini ya bahari, hata nguzo moja haionekani. Katika ghuba ya Mont-Saint-Michel, ambako Cancale iko, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kufika mita 14 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, ilhali kwetu Unguja mita nne tu tunaziona nyingi. Niliporudi mara ya pili nikiwa na kijitabu cha saa za maji, niliona matrekta yakishuka mchangani katikati ya safu za meza za chuma zilizobeba mifuko ya chaza. Pale gatini muuzaji huwafungua mbele yako kwa kisu kifupi, anakupa na kipande cha limau, nawe unakaa ukingoni ukila na kutupa magamba chini ufukweni, kama wenyeji wenyewe wanavyofanya.

Hata hivyo, kama safari ingekuwa yangu, siku tatu ningezitumia kusini mwa Finistère, sehemu ya magharibi kabisa ya Bretagne. Fika Le Guilvinec, bandari ya uvuvi, siku ya kazi, alasiri kuanzia saa kumi hivi, usimame juu ya jengo la mnada uangalie boti za kukokota nyavu zikiingia moja baada ya nyingine, kila moja na kundi lake la shakwe nyuma. Boti hizo hutoka kabla ya alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo, ndiyo maana langoustine, yaani wale kamba wembamba wenye magando marefu, hushushwa wakiwa bado hai. Nunua kilo moja, uwachemshe dakika chache tu katika maji ya chumvi, uwale na mkate na siagi.

Siagi yao ina chumvi, tofauti na ya sehemu nyingi za Ufaransa, na sababu yake ni ya kihistoria: Bretagne ilisamehewa ile kodi nzito ya chumvi iliyoitwa gabelle, iliyofutwa mwaka 1790, hivyo chumvi haikuwa anasa kwao. Ladha hiyo utaikuta Douarnenez katika kouign-amann, ambayo kwa Kibretoni ni keki ya siagi, iliyoanza kuokwa mjini humo miaka ya 1860. Omba ipashwe moto kidogo, sukari ya juu ipasuke kama kioo. Mji huohuo ndio wa viwanda vya sadini, na naomba usipite bila kuwakumbuka wanawake waliofanya kazi humo, ambao waligoma kuanzia Novemba 1924 hadi Januari 1925 wakidai ujira bora, na wakashinda. Mmoja wao, Joséphine Pencalet, alichaguliwa diwani mwaka 1925, wakati wanawake wa Ufaransa hawakuwa hata na haki ya kupiga kura, na uchaguzi wake ukabatilishwa.

Chakula cha kila siku ni galette, ambayo kwa macho yetu ni chapati ya maji, ila unga wake ni wa nafaka inayoitwa ngano nyeusi ingawa si ngano, na hutandazwa kwa kijiti cha mbao juu ya chuma cha duara. Ile inayoitwa complète hutiwa nyama ya nguruwe, yai na jibini, basi kwa asiyekula nguruwe aseme mapema, na badala ya sida, ambayo ni kileo cha matofaa, aombe lait ribot, maziwa ya mtindi mepesi yanayoendana nayo vizuri sana.

Vannes, mji wa kusini mwa Bretagne, una soko kubwa Jumatano na Jumamosi, na asubuhi moja inatosha. Ukiona tangazo la fest-noz ukutani, nenda jioni hiyo: ni ngoma ya usiku iliyoingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi mwaka 2012, wazee na watoto wakishikana vidole vidogo katika mnyororo mmoja, na mgeni hukaribishwa aingie. Ukisema trugarez, yaani asante, utaona nyuso zikikunjuka.

Kijitabu cha saa za maji utakipata katika maduka ya magazeti. Tazama namba iitwayo coefficient, inayoonyesha ukubwa wa kujaa na kupwa kwa maji siku hiyo, kutoka 20 hadi 120. Siku itakayozidi 100 ni ya bamvua kubwa, basi hiyo ndiyo siku ya Cancale, nawe uwe umefika muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa.